Rangi ya Awara

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Edmee Wijngaarde atimize miaka sitini alipoingia dukani kwa Ramdin kununua kitambaa cha sherehe. Ramdin, bila hata kumuuliza, akanyoosha mkono kwenye rafu ya zambarau.

Hakuwa na kosa. Tangu mumewe Ewald afariki, mteja wake huyu alikuwa amenunua nyeusi, kisha samawati na nyeupe, kisha zambarau, kama wajane wote wa Paramaribo. Mwaka wa tatu ulikuwa umekwisha na zambarau haijamtoka mwilini.

"Hiyo irudishe," Edmee akasema.

"Imekuja nyingine iliyokolea zaidi, bi Edmee. Ukiiona utaipenda."

"Ramdin, hata ikolee namna gani, siitaki. Nishushie majora mengine."

Akashushiwa. Njano akaiweka kifuani mbele ya kioo, akajiona kama mtu anayejilazimisha kucheka. Nyekundu aliipenda, lakini nyekundu ni ya mtu mwenye ugomvi, na siku hiyo hakuwa na ugomvi na yeyote. Kijani ilimtuliza mno, akahisi usingizi. Ndipo akaliona jora lililokuwa chini ya yote, la rangi ya awara lililoiva, lile tunda la porini ambalo watoto hulitafuna mpaka vidole na meno vikageuka rangi ya machungwa. Akalitupia begani. Akajikuta anatabasamu kabla hajaamua kutabasamu.

"Hii. Nikatie ya koto zima, na ya kilemba."

"Hii itaonekana mpaka ng'ambo ya mto," Ramdin akamwonya.

"Vizuri. Na wa ng'ambo wajue nimefikisha sitini."

Kitambaa akakipeleka kwa Fien, jirani yake wa tangu usichana. Mtaa mzima wa Frimangron haukuwa na fundi wa kumfikia Fien kwa kushona koto, lile gauni pana la marinda, wala kwa kukunja kilemba kilichotiwa wanga kikasimama kichwani kama kimechongwa. Fien alikipapasa, akacheka peke yake, akakiweka kabatini.

Haikupita wiki, Selien akabisha hodi kwa Edmee. Selien alikuwa dada wa marehemu Ewald, mwanamke mpana wa mwili na wa sauti, na mambo ya ukoo yalikuwa hayaendi mpaka yapitie kwake.

"Wifi, nasikia unataka kuvaa moto."

"Nataka kuvaa rangi ya machungwa."

"Sisi tumeshakubaliana. Sherehe ni samawati na nyeupe, wote."

"Mmekubaliana nani na nani?"

"Mimi na wadogo zangu."

"Na mwenye sherehe?"

"Mwenye sherehe ni mke wa kaka yetu," Selien akasema, akanywa maji aliyopewa, akaondoka.

Edmee hakumjibu. Hapo ndipo alipokosea, maana Selien aliyahesabu yale maneno ambayo hayakusemwa kuwa ni ndiyo.

Siku moja kabla ya sherehe, asubuhi, Edmee akaenda kwa Fien kupima gauni. Fien akamtolea koto la samawati na nyeupe, limenyooka, marinda yake yamelala kama kurasa za kitabu.

"Hili la nani?" Edmee akauliza.

"La nani tena? Lako. Selien alileta kitambaa, akasema umebadili mawazo." Fien akamtazama usoni, na mikono yake ikaanza kushuka polepole pamoja na gauni. "Hukubadili."

Edmee akaketi kwenye kiti cha wateja. Gauni lilikuwa zuri, hilo hakuweza kulikataa. Angelivaa, watu wangekula, wangeimba, wangekwenda zao, na hakuna ambaye angemnung'unikia. Lakini alikumbuka alivyovaa nyeusi mwaka ule wa kwanza. Hakuna aliyemlazimisha. Aliivaa kwa sababu ndani yake kulikuwa giza, na ile nguo ilimsaidia kulisema bila kufungua kinywa. Samawati nayo aliivaa machozi yalipopungua, na ilikuwa kweli. Sasa kuivaa tena ni kuwadanganya watu, na Ewald akiwa mmoja wao.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

Fien akakitoa kabatini. Hakijaguswa na mkasi.

"Edmee, koto halishonwi kwa siku moja. Unalijua hilo."

"Una cherehani mbili."

"Na wewe hujakaa kwenye cherehani tangu watoto wako wavae kaptula."

"Basi mimi nitapiga mishono iliyonyooka. Inayotaka akili nakuachia wewe."

Fien akashika kiuno, akatazama kitambaa, akamtazama rafiki yake. "Na hili la samawati nilipeleke wapi?"

"Kwa Selien. Aliyeliagiza ndiye mwenyewe."

"Halitamwingia hata mkono mmoja."

"Hayo yatakuwa kati yake na hilo gauni."

Walicheka mpaka Fien akalazimika kuweka mkasi chini. Kisha wakafunga mlango wa mbele, wakashona. Edmee alifumua mara nyingi kuliko alivyoshona, akatukanwa, akarudia. Jua lilipoelekea kuzama, koto lilikuwa limetundikwa dirishani, na ukuta wa nyumba ya pili ulikuwa umechukua rangi yake.

Asubuhi Fien akaja na pasi na kilemba kilichokauka na wanga. "Nikukunjie mkunjo gani?"

Kila mkunjo ulikuwa na jina lake, na wanawake wa mjini waliusoma kama tangazo. Edmee hakufikiri.

"Waache Waseme."

Uani wageni walikuwa wamejaa na bendi ya tarumbeta imeshaanza wimbo wa kumtoa mwenye siku yake. Mbele kabisa, kwenye viti vya heshima, walikaa Selien na wadogo zake, samawati na nyeupe mstari mzima. Mlango ukafunguliwa. Edmee akashuka ngazi moja moja, marinda yamempanuka pande zote, jua la asubuhi limemwangukia. Mpiga tarumbeta wa kwanza akakosa noti. Wengine wakashusha tarumbeta zao.

Selien akainuka. "Ewald angesema nini akikuona hivi?"

Watu walimsikia wote. Edmee akamkaribia mpaka wakawa uso kwa uso, na hapo akaona kwamba macho ya wifi yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Sijui angesema nini, na sikumuuliza," Edmee akasema, bila kupandisha sauti. "Hii ni miaka yangu sitini, wifi, siyo yake. Nimemlilia kaka yako mpaka nikamaliza. Kama wewe hujamaliza, njoo ulie, nitakushika. Lakini nitakushika nikiwa na nguo yangu."

Selien akainama. Akaweka paji lake la uso kwenye bega lile la machungwa. Edmee akamshika kama alivyoahidi, muda mrefu, wanga wa gauni ukilia kwa kukunjika, na Fien pembeni akiumia kwa ajili ya marinda yake.

Aliponyanyua kichwa, Selien akapangusa macho. "Linakupendeza," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. "Mungu anisamehe, linakupendeza sana."

"Najua," Edmee akajibu, akawageukia wanabendi. "Nyinyi mmeitwa kutazama?"

Bendi ikalipuka. Wanawake wazee wakainuka na vitambaa mikononi, wakampepea, wakamzunguka, wakilivuta gauni upindo kuuliza limekatwa duka gani. Edmee akawapita akicheza, akatoka lango la ua na kuingia barabarani, bendi nyuma yake, wageni nyuma ya bendi. Magari yakasimama. Dereva mmoja akateremsha kioo, akauliza ni sherehe ya nani.

"Yangu," Edmee akamwambia, na akaendelea kucheza katikati ya barabara.