Swali la Saba

Ofisini waliniita Bi Kasoro, na jina hilo sikulikataa hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kasoro, na nilikuwa nikizipata. Utafiti wetu ulihusu kiharusi: nani yuko hatarini kukipata, kinatambuliwaje mapema, na nani anafika hospitali akiwa bado na muda wa kusaidiwa. Wapimaji kumi na wawili walizunguka mitaani kila asubuhi wakiwapima presha watu tuliokuwa tunawafuatilia, na kila Ijumaa waliniletea daftari na mashine mezani. Mashine ina kumbukumbu. Ukibonyeza kitufe cha pembeni inakuonyesha kila kipimo ilichopima, tarehe na saa. Mimi nilikuwa naweka daftari kushoto, mashine kulia, naanza kulinganisha.

Hivyo ndivyo nilivyomnasa Mama Pacha. Alikuwa mpimaji wetu tangu mwanzo, mcheshi, wazee wakimpenda kuliko watoto wao. Daftari lake lilikuwa na vipimo vya bibi mmoja vya siku nne mfululizo, na mashine haikuwa na hata kimoja. Tena vyote viliishia na sifuri: 140 kwa 90, 130 kwa 80, kama bei za sokoni. Nilimwita. Akasema mapacha walikuwa na homa, hakuwa na muda, kwa hiyo alikuwa akipita dirishani kwa yule bibi, anamjulia hali, anaondoka.

"Nilimuona mzima, dada," alisema. "Nilimsalimia akaniitikia."

"Kama hukupima, hukuona," nikamjibu.

Niliipenda sentensi ile. Niliirudia kwenye mkutano wa Jumatatu na watu wakaiandika. Mama Pacha aliachishwa kazi wiki hiyohiyo, akakusanya mwavuli wake na kikombe chake, akaniaga kwa heshima zote. Sikumwonea huruma. Nilijiambia kwamba namba ya uongo inaweza kumuua mtu, na mpaka leo naamini hivyo.

Nyumbani niliishi na mama. Presha yake ilikuwa mtundu, leo iko chini, kesho imepanda bila sababu, na dawa alizimeza kwa kubembelezwa. Baba aliondoka kwa kiharusi, na dada yake baba pia, kwa hiyo sikutaka mchezo. Nilimnunulia mashine kama zile za kazini, nikaipanga saa yake sawasawa na ya simu yangu, nikaanzisha daftari. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi naingia chumbani kwake, anakaa kitako kitandani dakika tano bila kusema, mkanda mkononi, tunapima mara tatu kwa kupumzika katikati. Cha kwanza tunakiacha, viwili vya mwisho tunavitafutia wastani. Ndivyo utaratibu wa utafiti ulivyotaka.

Mama alinicheka. Alisema nimegeuza nyumba yake zahanati, na kwamba yeye amezaa watoto wawili, mmoja fundi friji na mwingine, yaani mimi, askari magereza. Dakika tano za kunyamaza zilimshinda. Kila baada ya muda mfupi angeuliza, "Tayari?" nami ningemwambia bado, akikohoa tutaanza upya. Lakini hakuwahi kutoka kitandani kabla sijampima. Hata nikichelewa, alinisubiri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Wakaguzi wa utafiti walikuwa wanafika ofisini saa moja, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwaonyesha takwimu. Niliamka nimechelewa, pasi ikagoma, viatu vikajificha. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa. Nilisimama pale koridoni na daftari mkononi, nikahesabu: dakika tano za kukaa, vipimo vitatu, mapumziko, robo saa hiyo. Nikaegemea ukuta nikaandika saa kumi na mbili na nusu, 134 kwa 82. Ona ujanja wangu: sikuandika sifuri. Mwenye kufundisha kukamata wezi akiamua kuiba, anaiba vizuri. Nikaliweka daftari juu ya meza ya sebuleni nikaondoka.

Saa tatu na robo mdogo wangu, yule fundi friji, alipitia nyumbani kuchukua bisibisi zake. Akamkuta mama sakafuni kando ya kitanda. Mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia haunyanyuki, na maneno hayatoki. Nilikuwa nimemfundisha mdogo wangu kama kasuku: ukiona uso umepinda, mkono umelegea, usemi umepotea, usimpe maji wala usimkande, mlete hospitali, na ubebe daftari. Alifanya kila kitu nilichomfundisha. Saa nne kasoro dakika tano machela iliingia kwenye hospitali yenye ofisi yetu, na daftari lilikuwa kwapani mwake.

Mimi niliitwa kutoka kwenye mkutano. Nilishuka ngazi ghorofa mbili. Mama alikuwa ameshapelekwa kupigwa picha ya kichwa, na saa nne na dakika ishirini daktari wa utafiti akatoka nayo. Akatuambia kwamba damu haijavuja kwenye ubongo. Ni bonge la damu limeziba mshipa, na bonge lina dawa yake.

Dawa hiyo nilikuwa naijua kwa fomu zake. Inayeyusha bonge, na mtu aliyekuja amebebwa anaweza kuondoka kwa miguu yake. Lakini inatakiwa ichomwe ndani ya masaa manne na nusu tangu kiharusi kianze. Ukichelewa, mshipa umeshaoza, na dawa ileile inaweza kuupasua na kumwaga damu kichwani. Nimeingiza kwenye kompyuta watu watatu waliokufa hivyo. Ndiyo maana fomu yetu ina swali la saba: mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima ilikuwa lini, na nani aliyemuona? Kama hakuna aliyemuona asubuhi, saa inahesabiwa tangu usiku alipoingia kulala.

Daktari aliuliza swali la saba. Mdogo wangu akalifungua daftari akamwonyesha. Daktari akasoma, akatazama saa ya ukutani, uso ukamlegea kwa faraja.

"Saa kumi na mbili na nusu. Tunayo nusu saa nzima," alisema. "Na daftari la Bi Kasoro sina haja ya kulihoji." Akamwita muuguzi akatoe chupa ya dawa kwenye friji.

Nilimtazama muuguzi akienda. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vinalia kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nilijiambia ninyamaze. Huenda mama alikuwa mzima saa ile, huenda sana. Halafu nikawakumbuka wale watatu, na jinsi wa mwisho alivyotapika kabla ya kukata roho, na mimi nikaandika saa.

"Sikumpima," nikasema.

Daktari aligeuka. Mdogo wangu naye aligeuka.

"Leo sikumpima. Sikufungua hata mlango. Namba hizo nimezitunga."

"Kwa hiyo wa mwisho kumuona mzima ni nani?" daktari aliuliza taratibu.

"Mimi. Jana saa tatu usiku."

Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliuliza kama kuna jirani aliyemsikia asubuhi, kama alipokea simu, kama kuna aliyebisha hodi. Mdogo wangu akapiga simu mtaani kwa majirani wawili. Hakuna aliyemsikia. Saa tano ikafika tukiwa pale pale. Muuguzi akarudi na chupa kwenye trei, daktari akatikisa kichwa, chupa ikarudishwa kwenye friji.

"Ungenyamaza," mdogo wangu aliniambia koridoni. "Maisha yako yote unasema sana. Leo ndiyo ungenyamaza."

Mama hakufa. Watu walikuja kunipa pole wakisema nishukuru kwa hilo, nami nikawa naitikia. Upande wake wa kulia ulikufa, na usemi wake wote uliondoka likabaki neno moja. Ukimuuliza kama ana njaa anasema tayari. Ukimgeuza kitandani akaumia anasema tayari. Usiku akilia, analia kwa neno hilohilo. Daktari alinieleza kwamba hutokea, ubongo ukabaki na neno moja kama mtu aliyetoka kwenye moto na kijiko. Kumlisha kunachukua saa nzima. Kumwogesha kunahitaji watu wawili, na mdogo wangu huja kila jioni kusaidia. Ananyanyua upande wa kichwani, mimi miguuni, hatuzungumzi.

Kazini hawakunifukuza. Daktari alisema nilisema ukweli wakati ulipohitajika, akalifunga jambo hapo. Nilimtafuta Mama Pacha nimwombe radhi, nikaambiwa amehama, na namba yake ya simu ina mtu mwingine. Majuto ni mjukuu, husemwa, na mimi sina hata mtoto.

Kila mgonjwa wa utafiti hutembelewa siku ya tisini. Kwa mama alikuja binti wa fomu, mpole, mgeni kazini, akikaa kwenye ncha ya kiti kwa sababu ya kuniogopa. Kuna kipimo cha kuanzia sifuri mpaka sita: sifuri ni mzima kabisa, sita ni marehemu. Aliuliza maswali yote, anatembea, anakula mwenyewe, anajua choo, nami nikajibu. Akaandika tano akiinamisha kichwa. Mwisho akatafuta mashine ya presha kwenye mkoba wake, akakuta betri zimekwisha. Akaniuliza kama nyumbani tunayo.

Ilikuwapo, juu ya kabati la mama, mahali pake siku zote, mkanda umeviringishwa vizuri. Tangu Jumatano ile sikuigusa. Muuguzi wa mazoezi alikuwa akija na yake, na mimi yangu nilikuwa siwezi hata kuitazama. Niliishusha nikapangusa vumbi. Vidole vyangu vina mazoea ya miaka saba: nilibonyeza kitufe cha pembeni kabla ya kile cha kuwashia.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha Jumatano ile, saa moja na dakika kumi na tisa asubuhi: 159 kwa 93. Nikarudi nyuma. Saa moja na dakika kumi na sita: 161 kwa 94. Saa moja na dakika kumi na tatu: 168 kwa 96.

Vipimo vitatu, na mapumziko katikati.

Alikuwa amenisubiri mpaka akachoka kusubiri. Akainuka akaishusha mashine kabatini, akajifunga mkanda kwa mkono wake wa kulia, akakaa kimya dakika zake tano bila mtu wa kumgombeza, akajipima mara tatu kama nilivyotaka. Kisha akauviringisha mkanda, akairudisha mashine mahali pake. Alikuwa mzima. Saa moja na dakika kumi na tisa mama yangu alikuwa mzima kabisa, na dawa ilikuwa na muda mpaka karibu saa sita mchana. Chupa ilitolewa kwenye friji ikarudishwa, na wakati wote huo ushahidi ulikuwa juu ya kabati, nusu saa kutoka hospitalini. Mdogo wangu aliwauliza majirani. Daktari aliulizia simu. Mimi ambaye kwa miaka saba nimekula mshahara kwa kubonyeza kitufe kile, mimi niliyemfukuzisha mtu kazi kwa kitufe kile, sikukumbuka kwamba mashine ina kumbukumbu. Nilimfundisha mdogo wangu abebe daftari.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwonyesha ile mashine.

"Mama, ulijipima mwenyewe?"

Alinitazama kwa lile jicho lake lililo wazi zaidi, na mkono wake wa kushoto ukaja taratibu ukagusa mkanda.

"Tayari," alisema.

Binti wa fomu aliuliza kama kuna tatizo. Nilimpa mashine ampime, nikatoka nikampigia simu mdogo wangu. Nilimweleza yote, saa na dakika. Nikasikia friji la mtu likinguruma nyuma yake.

"Usimwambie mama," akasema.

Nilimwambia kwamba mama anajua, yeye ndiye aliyekuwepo. Akakata simu. Jioni ile hakuja, na nilimwogesha mama peke yangu, vibaya.

Kesho yake ofisini nilifungua mstari wa mama kwenye kompyuta. Utaratibu unaruhusu kusahihisha jibu kama ushahidi mpya umepatikana, na ushahidi wa mashine ndio wenye nguvu kuliko wote. Hilo nililiandika mimi. Kwenye swali la saba nikafuta jana yake saa tatu usiku, nikaweka saa moja na dakika kumi na tisa asubuhi. Aliyemuona: mwenyewe.

Kompyuta ikatia alama nyekundu. Mgonjwa alifika ndani ya muda, ilisema, na dawa haikutolewa. Ikataka sababu. Kompyuta ikipata kasoro ya namna hiyo haimletei daktari wala karani, inaniletea mimi, kwa sababu ndivyo nilivyoipanga, na haikuruhusu kwenda mbele mpaka uandike kitu.

Niliandika: Mashine haikuangaliwa.

Ikauliza mhusika ni nani. Nikaweka namba yangu ya kazi, na alama nyekundu ikaondoka.