Tawi Lililobaki Nyuma ya Msalaba

Kina mama wenzangu mnaopasha sakafu kwa makaa ya mawe, nawaandikia ninyi, hasa mlio na watoto wanaorudi nyumbani wakati wa theluji. Majira ya baridi yaliyopita, wiki ile ya kuingia Kwaresima, kidogo nimzike binti yangu Hyesun. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa amelala tu, mahali pa joto, kama mama yeyote anavyotaka mwanawe alale.

Aliyemtoa humo ni Bibi Apolonia, na sitaki kuandika habari hii bila kumsema yeye kwanza.

Bibi Apolonia anakaa peke yake chini kidogo ya kigango chetu, kanisa dogo la hapa Solgol. Padre yuko mjini, huku mlimani anafika mara chache, kwa hiyo kufungua mlango, kuwasha jiko na kufagia theluji ngazini ni kazi ya huyu bibi. Hakuna aliyempa. Kabla ya kuosha mchele wa kupika huchota kijiko kimoja kwa kila mtu wa nyumba yake akakitia katika mfuko wa maskini. Ndivyo tunavyofanya sisi wote, ila yeye ni mjane na bado anachota viwili. Ukimuuliza anasema, "Babu naye amekula leo." Na kushukuru! Anashukuru theluji, anashukuru kabichi zilizolala chunguni na pilipili, anashukuru hata goti lake bovu, eti linamfundisha kupiga magoti taratibu. Hyesun alikuwa akimtania: "Bibi, panya akikulia mchele wote utamshukuru kwa kuacha mfuko." Naye anajibu, "Mfuko ni mzuri, mjukuu wangu. Niliushona mwenyewe."

Kila mwaka kabla ya Jumatano ya Majivu anapita nyumba kwa nyumba kukusanya matawi ya mwaka uliotangulia, yale yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi nasi tukayachomeka nyuma ya msalaba ukutani. Anayafunga mtumba, anapanda nao basi hadi parokiani, yachomwe pamoja na ya vigango vingine, na majivu yake ndiyo tunayopakwa. Kila nyumba hufunga tawi lake kwa kitambaa chake. Letu lilikuwa na utepe mwekundu wa nywele za Hyesun, alioufunga mwenyewe kabla hajaenda kufanya kazi katika kiwanda cha soksi.

Sasa Hyesun alikuwa amerudi kwa sikukuu ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na kwa sababu alikuwa anakohoa nikamkataza kuondoka. Baba yake alikuwa mgodini, tulikuwa wawili tu. Jumatatu ile alfajiri tukasikia mlango unagongwa.

"Nani tena huyo?" Hyesun akaita kutoka ndani ya mfarishi.

"Mimi, mjukuu. Nimefuata tawi."

"Bibi jamani, hata kuku hawajaamka!"

"Kuku hawaendi kupakwa majivu."

"Basi rudi kesho, nitakuwa nimeamka mimi na kuku wote!"

Nilicheka, na wala sikuinuka. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Tukamsikia anacheka naye, kisha viatu vyake vikaondoka vikikanyaga theluji, kruu, kruu, kuelekea kwa jirani.

Jioni Hyesun akaniambia, "Mama, kichwa kinanigonga."

"Ni mafua hayo. Upepo unaingia dirishani."

Nikachukua karatasi na uji wa unga, nikaziba nyufa zote za dirisha lake. Nikabandika na ukingo wa mlango. Nikatia tofali jipya la makaa kwenye jiko linalopasha sakafu yake, nikafunga tundu la hewa ili lisiishe upesi. Kina mama, ni nani kati yenu ambaye hajafanya hivyo? Hapo ndipo nataka msome polepole. Moshi wa makaa hupita chini ya sakafu ukatokea kwenye bomba la nyuma. Sakafu ikiwa na ufa, hata wa uzi, moshi unapanda chumbani, na sumu yake haina harufu wala rangi. Mtoto akilalamika kichwa katika chumba chenye makaa, usizibe kitu. Fungua. Mimi nilizaliwa kwenye sakafu hizi na bado nilisema ni mafua.

Asubuhi nilichungulia kupitia kioo cha dirisha. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri kabisa. Nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu amepata rangi. Sikumwamsha, nikaenda kigangoni, maana ilikuwa siku ya wanawake kusafisha kanisa kwa ajili ya Kwaresima.

Tulikuwa tunafua vitambaa vya altare, mikono imekufa ganzi kwa maji baridi, Bibi Apolonia akaingia na mtumba wake mgongoni, tayari kwa safari. Basi la mjini linapita mara moja tu asubuhi. Akauweka mtumba chini, akageuza geuza matawi.

"Mama Hyesun, utepe mwekundu siuoni."

"Nimesahau, Bibi. Uko nyuma ya msalaba. Wewe nenda, basi litakuacha."

"Nyumbani yupo nani?"

"Hyesun amelala. Tawi moja tu, Bibi, nani atajua?"

Mama Pilsu, jirani yangu, naye akadakia, "Bibi, unataka Mungu ashuke kuhesabu matawi? Ukilikosa basi utakwenda kwa miguu, na goti lako hilo utalishukuru njia nzima!"

Wote tukaangua kicheko. Bibi Apolonia akacheka pamoja nasi huku anajifunga shali.

"Mwaka mzima nyumba ile imesali mbele ya tawi lile," akasema. "Nikiliacha, nitakuwa nimeacha watu."

Akajitwika mtumba, akatoka. Mama Pilsu akatikisa kichwa, "Huyu akifika mbinguni atamfanya Petro afagie ngazi."

Tukaendelea kufua. Kisha nikasikia Bibi Apolonia akiniita kutoka kwangu, si kwa sauti ya kuita mtu, kwa sauti ya kupasuka. Nilikimbia na povu mikononi.

Uani kwangu mlango ulikuwa wazi, karatasi zangu zimechanika. Bibi Apolonia alikuwa amemburuta Hyesun akiwa juu ya godoro lake hadi nje, amemlaza kwenye theluji, amemfungua kola, anampiga mashavu. "Nimegonga," aliniambia akihema. "Alinambia leo atakuwa ameamka. Nimegonga sana, hakuitika."

Bibi kizee mwenye goti moja zima. Hadi leo sijui alimvutaje.

Hyesun alikuwa anapumua kidogo sana, macho hayafunguki. Mama Pilsu akaja mbio na bakuli la maji ya achari ya figili, yale baridi yenye barafu, maana sisi tangu mababu aliyevuta moshi wa makaa hunyweshwa hayo. Nikalinyakua bakuli nikamwinua mwanangu kichwa ili nimmiminie. Bibi Apolonia akalipiga kofi likaruka, figili zikatapakaa kwenye theluji.

"Asiyejitambua humnyweshi!" Sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. "Nilimnywesha mume wangu haya haya. Yakamwingia mapafuni. Hewa, Mama Hyesun! Mpe hewa, mpeleke hospitali!"

Honi ya basi ikalia bondeni. Bibi Apolonia akashuka barabarani, akasimama katikati akiwa ametandaza mikono, dereva akamtukana, kisha akaona, akashuka mwenyewe kutusaidia kumbeba. Dereva hakungoja mtu wala mzigo, tukaondoka. Kioo cha nyuma kilinionyesha yule bibi amebaki peke yake barabarani, na mtumba wa matawi umebaki uani kwangu, umelala ulipodondoka.

Hospitalini walimwekea hewa ya chupa. Mchana akafungua macho akaniuliza kwa nini mikono yangu inanuka sabuni. Nililia hadi muuguzi akanifokea.

Kesho yake padre alipita wodini na kibakuli cha majivu. Alipompaka Hyesun kipajini nilisema, "Baba, humu matawi ya Solgol hayamo." Nikamweleza. Padre akamwambia binti yangu, "Mwambie huyo bibi ayatunze. Mwakani nitayasubiri."

Tuliporudi nyumbani Hyesun hakutaka hata kukaa. Alichomoa tawi letu nyuma ya msalaba, kavu, utepe umefifia, akaenda nalo kwa Bibi Apolonia. Nilimfuata kwa nyuma nikiogopa asianguke. Mtumba ulikuwa kwenye kona ya chumba cha bibi, umefunikwa na shali lake.

"Bibi, kuku wameamka," Hyesun akasema, akamnyooshea tawi.

Bibi Apolonia alilipokea tawi kwa mikono miwili. Akafungua mtumba, akalichomeka katikati, akafunga upya. "Ahsante, Bwana," akasema. "Sasa wote wapo." Halafu akaenda kuosha mchele, na nikaona anachota kijiko cha tatu.

Hyesun hajarudi kiwandani. Mwaka huu ndiye anayepita kukusanya, na goti la bibi linapumzika. Anagonga, na asipoitikiwa haondoki. Baadhi yenu mmenilalamikia kwamba binti yangu anawasumbua alfajiri. Mwitikieni. Na kabla hamjalala, toeni karatasi, mwache dirisha wazi upana wa kidole. Watoto watasema wanasikia baridi. Waongezeeni mfarishi.