Mpanga Mabehewa Akinyamaza

Usaili ulikuwa kesho saa tatu asubuhi, na sauti yangu ilikuwa bado haijavuka kitanda.

"Unaniambia nirudi, narudi," alisema mjomba, akiwa amenipa mgongo katikati ya chumba. "Umbali gani? Dereva haoni nyuma. Macho yake ni wewe."

Tulikuwa tumesogeza kitanda na meza ukutani. Mjomba ndiye alikuwa kichwa cha treni, na kiti cha plastiki nyuma yake kilikuwa mabehewa yaliyosimama. Alitakiwa kukifikia kinyumenyume, kila hatua behewa moja, akiongozwa na mimi mpanga mabehewa, niliyeshika kiberiti kama redio. Hiyo ndiyo kazi niliyoomba. Kwa miaka miwili nilikuwa nafagia ofisi za yadi ya treni za mizigo. Tangazo lilipobandikwa mlangoni nililisoma mara nne, maana shule niliiachia darasa la tano na sikuamini kwamba hawakutaka cheti. Walitaka afya, macho mazuri, na mtu wa kuongea redioni bila kubabaika. Hapo ndipo nilipokwama.

"Matano," nilisema. Akapiga hatua. "Manne. Matatu."

"Sisikii."

"Matatu!"

"Hata mbu anakushinda!" Fundi cherehani, jirani yetu wa ng'ambo ya korido, alikuwa anasikia kila kitu. "Kwa sauti hiyo mume utampata wapi?"

"Anatafuta kazi, dada, hatafuti mume," mjomba akamjibu.

"Basi apige kelele, na mimi nifaidi!"

Nikaona haya, nikanyamaza. Mjomba akasimama palepale.

"Mbona husogei?" nilimuuliza.

"Umenyamaza. Mpanga akinyamaza, dereva anasimama. Hangoji kuambiwa, wala hadhani. Kesho hilo lazima watakuuliza."

"Na dereva akidhani?"

Hakugeuka. Niliona mabega yake yakishuka.

Baba, naye mpanga mabehewa, alifia yadini nilipokuwa na miaka kumi na moja, alipobanwa kati ya mabehewa. Ndipo nilipoacha shule. Nyumbani ilisemwa ni ajali ya kazini, basi. Mjomba naye akaacha kuendesha treni, akahamishiwa lindo la geti, nasi watoto tukaambiwa ni mgongo unamsumbua.

"Baba yako alikuwa mpole kama wewe," alisema, akiutazama ukuta. "Anataja matano, anataja matatu, kisha kimya mpaka aseme simama. Tulifanya hivyo miaka sita. Nilimzoea. Siku ile akasema matatu, akanyamaza. Nikadhani ni kawaida yake. Nikaendelea kurudi."

"Dereva ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi, mwanangu."

"Ulirudi kiasi gani?"

"Mabehewa mawili. Alikuwa ameteleza, akaangukia relini."

Mama alisimama mlangoni na beseni la nguo. Sikujua amefika saa ngapi.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya mazishi. Miaka mitatu sikumsemesha, ndugu yangu wa tumbo moja." Akaweka beseni chini. "Na ni mimi niliyemwita aje akufundishe. Sheria hiyo hakuna anayeijua kama yeye. Sasa umeshasikia. Kwenda au kutokwenda, sema mwenyewe."

Nililia kidogo, nikanawa uso. Mjomba alikuwa bado amesimama vilevile, mgongo kwangu. Nikaokota kiberiti.

"Matatu," nilisema. "Mawili. Moja. Nusu." Tulirudia mpaka koo likakauka.

Asubuhi nilikuta watu watatu nyuma ya meza. Mkubwa wao, mzee mwenye miwani, aliniuliza habari za breki na kabari za magurudumu, kisha akauliza mpanga akinyamaza kunatokea nini. Nikajibu.

"Haya umejifunzia wapi, na wewe ni mfagiaji?"

Ningeweza kusema nimesikia ofisini. "Kwa mjomba wangu," nilisema. "Yule dereva aliyeondolewa baba yangu alipokufa."

Kalamu zikasimama. Walimjua. Nikaendelea kuongea. Niliwaambia kwamba baba alikosea kumzoesha dereva kimya chake, na mjomba akakosea kukizoea. Niliwaambia kwamba mimi nina haya tangu utotoni, na kwamba nitataja kila behewa, moja moja, hata dereva anichoke, hata anitukane.

"Sauti yako inatetemeka," alisema yule mzee.

"Ndiyo, mzee. Lakini unaisikia."

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Halafu akachukua redio iliyokuwa mezani, akanipa, akaniambia nitangulie yadini, kuna dereva anayehitaji macho.