Mlango wa Kushoto

Marjan alianza na mlango wa kulia, kwa sababu huo haukumtisha.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake Mafubira, kando ya Jinja, debe la mafuta ya kupikia limepasuliwa na kulazwa mbele yake kama ngozi ya mbuzi, mkasi wa bati mkononi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu tu, na jicho la upande huo lilikuwa limefumba tangu mwaka wa sabini na tisa. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Lakini ufundi wa bati aliurithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu, Mnubi aliyeletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, na ufundi wa namna hiyo haukai kwenye vidole peke yake.

Alikuwa akijenga lori dogo la bati, na kila futi ya lori lake la zamani aliifanya inchi moja. Hakuhitaji picha. Aliliendesha lori lile miaka kumi na mmoja, akibeba mbao kutoka Mbale kuja Jinja, na hakuna msumari wake asioujua.

Wiki mbili nyuma, mchuuzi mmoja wa vitunguu kutoka Mbale alimletea maneno. Yalitoka kwa Nabifo wa mtaa wa Nabuyonga, mjane wa Nicanor, aliyekuwa taniboi wa Marjan, msaidizi wake wa kupakia na kushusha. Nabifo alikuwa amesikia kwamba Marjan amerudi kutoka ukimbizini Kenya. Alitaka kujua mume wake alikufaje, maana Semei, mdogo wake Nicanor, alisema kila siku kwamba Mnubi yule alimuuza Nicanor kwa askari ili apone yeye. Ujumbe ulikuwa mfupi: kama yu hai, aje aseme.

Kusema ndiko kulikokuwa shida. Taya la Marjan lilivunjwa likaunga vibaya. Maneno manne matano, kisha maumivu yalipanda mpaka utosini. Sokoni alisemewa na mkewe, Kulusumu, naye alijitolea kwenda Mbale kumsemea. Marjan alikataa.

"Nitapeleka lori," alimwambia. "Alione mwenyewe."

Basi alilijenga, na halikuwa lori jipya alilolijenga. Alilipaka rangi ya kijani, juu yake buluu, kisha akaikwangua buluu kwa wembe pale ambapo mbao zilikuwa zikisugua. Mabati ya juu ya magurudumu aliyalowesha siku tatu kwenye ndimu na chumvi mpaka kutu ikayala kingo. Alipaka oili chafu chini ya injini. Vumbi jekundu la barabara alilichekecha kwa kipande cha leso kuukuu akalipuliza juu ya gari zima kabla rangi haijakauka. Magurudumu aliyachonga kwa kandambili, na bampa akaipinda upande ule ule ilipopindwa na fahali mmoja karibu na Tororo. Kwenye paji la uso wa gari aliandika kwa njiti ya kibiriti: KAWIA UFIKE.

Kulusumu alilizunguka akasema kwamba mtu akilipiga stati litakohoa.

Ukabaki mlango wa kushoto. Marjan aliutengeneza vizuri, akautia bawaba, ukawa unafunguka na kujifunga bila kelele. Kisha akakaa nao mapajani asubuhi nzima, asiweze kuubandika.

Siku ile ya Aprili, mwaka wa sabini na tisa, walikuwa wameingia Jinja na shehena, yeye na Nicanor, na kufika Nalufenya wakakuta barabara imezibwa na askari wa serikali iliyokuwa ikianguka. Hawakuwa tena jeshi. Walikuwa watu wenye bunduki wanaotafuta magurudumu ya kuwakimbiza. Dereva wa pikapu iliyotangulia alikuwa amelala kifudifudi kwenye lami, ubongo wake umemwagika kando ya kofia yake. Sajini mmoja alipiga risasi hewani, akagonga boneti kwa kitako cha bunduki.

"Toka inje!" alisema. "Yote mbili!"

Marjan alishuka, mikono juu, na kwa hofu akamsalimu kwa Kinubi. Sajini alimtazama upya.

"Huyu yetu," akawaambia wenzake. "Ile ingine?"

Ile ingine ilikuwa Nicanor, naye hakuweza kushuka. Mlango wa dereva ulikuwa umezibwa na sajini na bunduki yake. Kufuli ya mlango wa kushoto ilikuwa imekufa. Marjan aliufunga kwa waya kwa nje, na kila safari alizunguka kuufungua. Miezi sita Nicanor alimwomba autengeneze. Miezi sita Marjan alijibu kesho. Sasa Nicanor alitoa kichwa dirishani, akaona bunduki nne zinamtazama, akarudi ndani, akaanza kuusukuma mlango kwa bega. Kwa askari, ilikuwa kama mtu anayejifungia, au anayetafuta silaha chini ya kiti.

"Mzee, nifungulie," Nicanor aliita.

Zilikuwa hatua sita kuzunguka pua ya lori. Maneno ya Kinubi yalikuwa bado mdomoni mwa Marjan. Angeweza kusema, huyu ndugu yangu, mlango mbovu. Miguu haikwenda wala ulimi haukwenda. Askari mmoja kijana alipiga risasi tano kupitia bati la mlango, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegongomea kitu.

Wakamwamuru aendeshe. Walikaa juu ya mbao, sajini kwenye ubao wa kukanyagia dirishani kwake. Kila kona Nicanor alimwegemea begani, na damu yake ilikuwa ya moto, kisha ya vuguvugu, kisha ikaganda na kumnata shati. Iganga wakampiga risasi mzee aliyekataa kutoa baiskeli. Mbele ya Tororo wakamtupa mwenzao aliyejeruhiwa, angali analia. Walipofika Mbale walipata basi, wakaliteka, wakamwacha Marjan na pigo la kitako cha bunduki mbavuni.

Angeweza kuteremka akakimbia. Badala yake alilipeleka lori Nabuyonga, ampeleke Nicanor kwake.

Watu walikuwa barabarani. Waliona lori limelowa damu, Mnubi kwenye usukani, na mtoto wao amekufa kando yake. Ya miaka minane yote ya serikali ile na askari wake Wanubi, ndugu waliopotea, wake waliobebwa, yalimshukia mtu mmoja. Alishika usukani wasimtoe. Panga likaukata mkono, vidole viwili vikabaki garini. Jiwe lilichukua jicho. Mchi wa kinu ulichukua taya. Walimtoa Nicanor kwa mlango wa dereva, wakalichoma lori moto, na Marjan wakamtupa mtaroni. Kesho yake Waislamu waliokwenda kumwokota wamzike walimkuta anapumua.

Mlango mdogo wa bati ulikuwa bado mapajani. Marjan aling'oa bawaba kwa koleo. Akaubandika mlango kwa lehemu, akapitisha waya kwa nje, akausokota mara mbili vilevile. Kisha akachukua msumari na nyundo. Kulusumu, jikoni, alisikia mapigo matano akaacha kupepeta mchele.

Akaenda Mbale na lori limefungwa ndani ya leso. Kwenye kizuizi cha barabara askari wa serikali mpya alichokonoa lile furushi kwa mtutu, akaona kigari cha kuchezea chenye kutu, akampungia mkono apite.

Nabifo alimpokea uani bila kumkaribisha kiti. Semei alikuwa akitwanga karanga. Alipomwona mgeni, alisimama na mchi mkononi. Marjan hakujua ni mkono wa nani uliompiga siku ile, wala hakutaka kujua. Aliliweka lori kwenye mkeka. Nabifo alichuchumaa akalitazama muda mrefu: maandishi, bampa, rangi iliyosuguliwa na mbao. Kidole chake kilifika kwenye matundu matano, kikakoma.

"Mlango huu," Marjan alisema, na taya likaanza kumuuma, "haukufunguka kwa ndani. Aliniomba niutengeneze." Alimeza mate. "Aliita, Mzee, nifungulie. Nilikuwa nje. Sikwenda."

Semei aliinua mchi. Pigo la kwanza lililenga lori, na Marjan aliweka mkono. Mfupa ulilia kama kuni kavu. La pili lilimpata mbavuni. Alianguka juu ya lori, akaikunja boneti kwa kifua, na Semei alikuwa akimpiga teke la mgongo huku akilitaja jina la kaka yake. Nabifo aliunyakua mchi. Alimpiga nao shemeji yake mwenyewe begani, akarudia, mpaka Semei akayumba, akapiga goti kwenye karanga zilizomwagika.

"Miaka minane unaniambia alimuuza," Nabifo alisema. "Leo amekuja na ukweli unaomshtaki mwenyewe, na bado unampiga. Unataka nini, Semei?"

Semei alianza kuziokota karanga. Hakuomba radhi siku hiyo, wala baadaye.

Nabifo aliufunga mkono wa Marjan kwa kanga yake, akatembea naye mpaka zahanati. Walikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, wameachana kidogo kama watu wasiojuana. Nabifo alitazama ukuta.

"Habari ya mlango niliijua," alisema hatimaye. "Kila Jumamosi alikuja nayo nyumbani. Mlango, mlango. Mwezi wa tatu alitaka kuacha kazi kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyemwambia avumilie, kazi hazipatikani."

Marjan aligeuza jicho lake moja akamtazama.

"Nilichotaka kujua," Nabifo aliendelea, "ni kama aliteseka."

"Hapana," Marjan alisema. "Risasi ya pili ilimpata hapa." Akagusa moyo wake. Ilikuwa kweli, na alishukuru kwamba ilikuwa kweli, kwa maana angekuwa radhi kudanganya.

Nabifo aliinama. Mabega yake yalitikisika, na Marjan, asiyekuwa na mkono wa kumpa, alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la mjane. Nabifo hakusogea mbali.

Mganga alipotoka, aliuliza mzee huyu ana nani.

"Nipo mimi," Nabifo alisema, akijifuta uso. "Ni shemeji yangu."

"Mkono umevunjwa na nini?"

Nabifo alitazama barabarani. Semei alikuwa na watoto wanne, na kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara.

"Nimeanguka," Marjan alisema. "Kwenye lori."

Mganga aliandika hivyo kwenye kadi, akafungua mlango, wakaingia wote wawili.