Kidude cha Kungojea Maji

Tangu mkewe Mwamvita afariki, Mzee Mwishehe alijigeuza mlinzi wa bomba. Asubuhi, akishaswali na kunywa chai kavu, alitoa kigoda nje akakaa juani kungojea maji. Ratiba ya mgao ilibandikwa ofisi ya mtaa, na toka ibandikwe hakuna aliyepata kuifuata, hata mbandikaji. Kulifungua tu bomba na kuondoka hakukuwezekana. Madale alikoishi ni milima, maji hayapandi kwenye tangi bila pampu, na pampu ukiiwasha bomba likiwa kavu inaungua. Ilibidi mtu awepo.

Siku moja jua likamwangusha. Jirani yake Genoveva ndiye aliyemkuta chali pembeni ya kigoda, akampigia simu Shamimu, binti wa pekee wa mzee, aliyekuwa akiishi Mbagala.

"Baba, unahamia kwangu," Shamimu alisema hata kabla hajavua viatu.

"Sihami."

"Basi usikae juani."

"Maji yakija nani atawasha pampu? Mheshimiwa diwani?"

Shamimu alijua kinachomshikilia. Walipohama Temeke kuja Madale palikuwa pori, na kila uchaguzi wagombea waliapa kwamba bomba liko njiani. Mwamvita alilipigia kura bomba hilo hilo mara mbili. Lilipofika, yeye ndiye aliyemwonyesha fundi pa kulisimika: mbele ya dirisha la jikoni, ili alisikie likianza kukohoa. Alilifaidi miaka miwili, akaondoka. Mwishehe aliwadai wakubwa ile miaka kumi na moja ya madumu kichwani, na hakuwa na mpango wa kuwasamehe.

Jumapili iliyofuata Shamimu alirudi na kikompyuta kisichozidi kadi ya benki, hakina kioo, hakina kibodi, ubao mtupu wenye vitobo. Alikuwa akiuza vifaa vya umeme Mwenge, na mwenzake wa dukani, Brightson, alikuwa amemwandikia hatua zote kwenye karatasi. Kikompyuta kingefungwa bombani pamoja na kigurudumu kidogo. Maji yakipita, kigurudumu kinazunguka, Shamimu anapata ujumbe kwenye simu yake popote alipo, naye anampigia baba. Yasipopita, kila saa, na kila kinaposhika mtandao upya, kitatuma neno moja, "Nipo", ajue kiko hai.

"Kwa hiyo kadude haka ndiyo kananirithi kigoda?"

"Kwanza tukipe waifai, baba."

Alikiunganisha na runinga, akachomeka kibodi aliyoazima. Maandishi meupe yakaporomoka kwenye weusi. Alisoma karatasi, akabonyeza, akasoma tena. Kikagoma.

"Kinasema waifai imefungwa mpaka tukiambie tuko nchi gani."

Mwishehe alicheka hadi akakohoa. "Hata kenyewe! Kanataka kwanza kujua kako chini ya serikali ipi. Kaambie Tanzania. Halafu kakate tamaa kama sie."

Alipoweka nchi, majina ya mitandao ya jirani yakajitokeza. Wa Genoveva ulikuwa wa kwanza, naye alikuwa amekubali wautumie.

"Dada Genoveva! Neno la siri?" Shamimu aliita dirishani.

"Ndizi, herufi ndogo! Halafu elfu mbili na nane!" ilijibu sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Siri hiyo imeshafika Tegeta," alisema mzee.

Simu ya Shamimu ikalia. *Nipo.*

Walikifunga bombani, wakakifunika kwa mfuko wa nailoni, na waya wa umeme ukapitishwa dirishani. Kabla ya kuondoka Shamimu alimshika baba yake mkono. "Tujaribu wiki moja. Kikigoma, unafungasha. Nimeshazika mzazi mmoja mwaka huu."

Mzee alikubali.

Siku tatu kilitii. Jumatano Mwishehe akawaza wezi. Mtaani mwao hata mita za maji ziling'olewa, na mwenyekiti wa mtaa kazi yake kugonga mihuri. Basi alifanya alichokijua maisha yake yote: akatoa mashine yake ya kuchomelea, akatengeneza kisanduku cha bati nene chenye mlango na kufuli, akakitia kidude ndani. Kazi safi. Hakumwambia Shamimu, alitaka aje kushangaa mwenyewe.

Jioni Shamimu akapiga. "Baba, kimenyamaza."

"Kapo. Taa inawaka, nimechungulia sasa hivi."

Ijumaa alikwenda msikitini. Aliporudi, kwa Genoveva kulikuwa na tope na ndoo zimejaa. Kwake, tangi tupu. Maji yalikuja na kuondoka wakati wa swala. "Wanafanya makusudi," aliiambia pampu.

Jumamosi Shamimu alifika na begi tupu. "Tumeahidiana, baba." Akaingia chumbani. Mwishehe aliusikia mlango wa kabati ukifunguliwa.

Alikaa mbele ya kisanduku chake. Kwa mazoea akakigonga kwa kidole, na mlio ule wa bati ukamrudisha Chang'ombe, karakana ya matangi ya mafuta, alipokuwa kijana na Mwamvita akiuza vitumbua getini. Jumamosi za mpira aliingia kuchomelea ndani ya tangi na redio yake shingoni. Akishavuka tu mdomo wa tangi, redio bubu. Ikabidi amwachie Mwamvita. Yeye alikaa nje nayo, na kila goli likiingia aliinama kwenye tundu la tangi akapiga kelele: "Moja bila, Mwishehe! Mbili bila!" Na sauti yake ikazunguka humo ndani kama kengele.

Redio bubu ndani ya tangi.

Mwishehe alifungua kufuli, akauacha mlango wazi. Kimya. Halafu chumbani simu ikalia. Akafunga, akahesabu hadi mia mbili, akafungua. Ikalia tena.

Shamimu alitoka, kanzu ya baba yake mkononi. "Kinasema *Nipo, Nipo*. Umekifanya nini?"

"Nilikiziba mdomo mie mwenyewe. Mawimbi hayapiti kwenye chuma. Nilijua hilo wewe hujazaliwa." Akafuta jasho. "Leo nimekosa wa kumlaumu. Ila wezi, hao ni wa mwenyekiti."

Alileta grinda, akakikata kisanduku chake kizuri vipande vinne, kisha akakifunika kidude kwa ndoo ya plastiki na kuweka tofali juu yake.

"Na wakikiiba?"

"Simu yako itanyamaza, utanipigia, nitawafukuza. Rudisha nguo zangu."

Shamimu aliitazama ndoo, akamtazama baba yake, akarudi ndani. Baada ya muda akaita kutoka chumbani: "Nizipange upande gani?"

"Kulia," alijibu Mwishehe. "Kushoto ni kwa mama yako."