Glavu kwa Kila Maiti

"Hawo, sasa hii maiti ataiosha nani?"

Jirani yake Falis aliuliza hivyo akiwa mlangoni, amejiziba pua kwa leso, siku Hawo alipofiwa na mumewe. Mtaa mzima ulijua ni ukimwi. Hawo alifunga mlango akamwosha mumewe peke yake, maana dini inamruhusu mke, na tangu siku hiyo hakuacha kuosha.

Sasa ni miaka kumi na sita. Virusi anavyo mwenyewe, dawa anameza kila siku baada ya Isha, na hapa Isiolo ukitafuta mama wa kuosha maiti utaambiwa nenda kwa Hawo. Ana akina mama saba. Wamewahi kuitwa mpaka Kulamawe. Falis mwenyewe yumo, tena hakuna anayemshinda kukata sanda. Sheria yao ni moja: glavu na eproni kwa kila maiti, awe mke wa imamu au maskini wa sokoni, ili walio nje wasijue nani amekufa kwa ugonjwa gani.

Alhamisi asubuhi waliitwa kwa marehemu Lul, aliyekuwa na hoteli ya madereva. Walimkuta kaka yake, Abdinajib mwenye malori, amesimama mbele ya chumba na nailoni kubwa mkononi.

"Hakuna kuosha," alisema. "Atafanyiwa tayamamu, mchanga tu bila maji, juu ya nailoni, afungwe, twende makaburini."

"Salaam aleikum kwanza," Hawo akasema.

"Aleikum salaam. Mama Hawo, si unajua alikuwa na nini?"

"Najua. Hata mimi ninao, na unaniona nimesimama."

"Mnatafuta kufa, nyinyi."

"We Abdinajib," Falis akadakia, "anjera ya Lul umekula miaka mingapi? Imekuua?"

Akina mama walicheka chini chini, wakakumbuka ni matanga, wakanyamaza.

Hawo alishusha sauti. "Watu wakiona nailoni ndani ya jeneza watauliza ni ya nini. Leo huko nje hakuna anayejua kitu. Ni wewe utakuwa umewaambia."

"Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Kwa mazishi, sawa. Kwa kuosha mwanamke, haki ya kwanza ni ya binti yake."

Binti huyo, Fardosa, alikuwa amejibanza ukutani. Karo yake ya chuo analipa huyo huyo mjomba, na Hawo alilijua hilo vizuri. Akiogopa msichana kumpinga, Lul atazikwa kama mzigo wa lori, na wao watarudi nyumbani na ndoo zao.

"Mwanangu, sema wewe. Hakuna atakayekulazimisha."

Fardosa alimtazama mjomba wake.

"Abti," alimwita kwa Kisomali, "mama ataoshwa. Na mimi nitamwosha."

Akanyoosha mikono. Falis akamvalisha glavu, kidole kimoja baada ya kingine, kama anayemvalisha bibi harusi pete. Hawo amewafundisha wengi kazi hii, lakini hakuna aliyewahi kuianza kwa mtihani mkubwa kama huu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Leteni maji."

Abdinajib aliitazama mikono ya mpwa wake, akawatazama wale akina mama waliokuwa wakifunga eproni zao, hakuna aliyemwangalia tena. Akainamisha kichwa, akakunja nailoni yake, akatoka nayo.