Daraja la Mifupa

Ta! Ta-ta! Kitufe kililia gizani, kikanyamaza, na mama akasonya.

"Nimekufa tena."

Ulikuwa mchana wa jua kali, ila mapazia yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mwanawe mdogo aliyesumbuliwa na jino tangu jana. Ndiyo kwanza usingizi ulikuwa umemchukua. Mama alikaa sakafuni, kompyuta ya mdogo wake mapajani.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Radi kwa sababu ya gitaa lake, alizunguka chumbani pekupeku. Gemu aliitengeneza mwenyewe: picha za miraba midogomidogo kama gemu za zamani, shujaa wa kike mwenye gitaa lenye makali ya shoka, akiruka mwamba hadi mwamba na kufyeka mazimwi kwa muziki wa roki nzito. Jioni hiyo angeipeleka mashindanoni. Lakini daraja la mifupa lilikuwa halivukiki.

"Dada, kama wewe umeshindwa, nani ataliweza? Nalifuta."

"Hulifuti."

Alimjua mdogo wake. Radi akifuta daraja leo, kesho atafuta mwamba, keshokutwa gemu nzima, kama alivyozifuta zile mbili za kwanza, kisha arudie kulala mpaka saa sita mchana akisema dunia haimtaki.

"Ila hii mifupa inatoweka ovyo ovyo tu," mama akanong'ona.

"Ovyo? Inafuata ngoma!"

"Ngoma gani?"

Radi akainama kwenye skrini. Sauti ilikuwa imezimwa. "Yaani roki nzito unaicheza kimyakimya? Kumbe nampigia mbuzi gitaa!"

"Mbuzi huyo ana mtoto mwenye jino. Ukimwamsha, utambeba wewe."

Akamletea hedifoni. Mama akazivaa, akazivua palepale. "Mashine ya kusaga imeniingia kichwani! Ngoma yenyewe iko wapi humo?"

Binti yake wa miaka mitano, aliyekuwa amejilaza ubavuni mwake, akazichukua akazivaa. Akakunja uso. Kisha kichwa kikaanza kutikisika. Akajisogeza nyuma ya mama, akaanza kumpigapiga mgongoni kwa kiganja, kama mama mwenyewe anavyombembeleza mdogo mtu: pa, pa, papa. Pa, pa, papa.

Mama akarudi kwenye kitufe. Kidole kikafuata mgongo. Mfupa wa kwanza. Wa pili. Papa! Akaruka miwili kwa mkupuo. Radi akasimama, ngumi mdomoni. Katikati ya daraja kiganja kikaongeza kasi, mama naye akaongeza, jasho likimchuruzika shingoni, mpaka shujaa akatua ng'ambo.

Hakuna aliyethubutu kushangilia. Radi akaketi puu, kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Usiguse hata mfupa mmoja," mama akamwambia. "Peleka hivihivi."

"Na asiye na mtu wa kumpiga mgongoni?"

"Huyo atafungulia sauti, bwana. Si kila nyumba ina jino."

Radi akachekea puani, akanyoosha mkono aichukue kompyuta. Binti akaikumbatia kifuani.

"Sasa ni zamu yangu."